Kiluwiluwi Aliyepoteza Mkia

Ndugu zangu, nitaanza na kinyama wa baharini, Waingereza humwita sea squirt. Mnivumilie, binadamu nitamfikia. Akiwa mchanga, kinyama huyu ni kama kiluwiluwi. Ana mkia, ana jicho, na ndani ya mkia ana ufito laini wa aina ile inayotangulia uti wa mgongo kwa mtoto aliye tumboni. Huogelea muda mfupi tu, kisha hujibandika mwambani. Mkia hunywea, jicho hupotea, ufito nao huyeyuka. Hubaki kifuko kinachovuta maji huku na kuyatema kule. Aliyewahi kukwangua tumbo la mashua huenda alimbandua bila hata kumtambua.

Mwaka 1880 mwanazoolojia Mwingereza, E. Ray Lankester, alimfanya ushahidi. Nadharia ya Darwin ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, alisema Lankester, haikumwahidi mtu ngazi ya kupanda tu. Kiumbe anayepata chakula na usalama bila jasho aweza kuporomoka, na sisi hatuna kinga.

Mwandishi Mwingereza H.G. Wells, aliyefundishwa biolojia na mwanasayansi T.H. Huxley jijini London, aliandika makala juu ya hoja hiyo mwaka 1891. Mwaka 1895 ikazaa riwaya yake The Time Machine, ya mtu anayesafiri kwa mashine hadi wakati ujao. Msafiri wake anafika mwaka 802,701 akitarajia mabingwa wa elimu. Anawakuta Eloi: wadogo, wazuri, wala matunda, wanaochoka na swali kabla hujalimaliza. Chini ya ardhi wanaishi Morlock, weupe, waoga wa mwanga, walinzi wa mitambo. Usiku hupanda kuwawinda Eloi wawale.

Wengi husema hapo: matabaka! Eloi ni kizazi cha mabwana, Morlock ni kizazi cha watumishi wao. Sawa. Mama yake Wells alikuwa msimamizi wa nyumba katika jumba la Uppark, ambako watumishi walipita kwenye mahandaki. Lakini mimi hunikereketa zaidi jambo dogo, nguo. Eloi hawashoni, ila wamevaa. Msafiri anakisia kwamba Morlock ndio wanaowavisha, kwa mazoea tu ya utumishi wa kale. Kwa hiyo mtumwa hakushinda. Amemla bwana wake, na bado anamshonea! Wote wawili wameporomoka, kila mmoja kwa njia yake.

Kisha Msafiri anasonga mbele miaka zaidi ya milioni thelathini. Jua ni kubwa, jekundu, limefifia. Binadamu hayupo tena. Ufukweni anaona kitu kimoja tu kinachojongea: cha duara, kikubwa kama mpira wa miguu, minyiri ikining'inia, kikirukaruka majini.