Jinsi ya Kupaka Dawa ya Kinga Kwenye Vioo vya Gari Ili Madoa ya Maji Yasigande

Karibu. Tazama kioo hiki cha mlango wa dereva, mwanga ukikipiga kwa ubavu. Vijiduara hivyo vyeupe ni madini yaliyobaki baada ya maji kukauka, hasa kalisiamu na magnesiamu. Gari linaoshwa kwa maji ya kisima, kama magari mengi ya Dar es Salaam, na maji hayohayo ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Juani mambo ni yaleyale: maji yanaruka, madini yanabaki.

Kabla hatujafungua chupa, jambo moja lieleweke, maana wauzaji wengi hawalitaji. Dawa ya kinga haizuii doa kutokea. Inafanya maji yajikusanye kuwa matone na yateleze, lakini tone likibakia hapo na kukaukia juani litaacha doa, tena doa dogo, zito, linaloonekana kuliko kwenye kioo kitupu ambako maji yametandaa. Faida yake ni kwamba madini hayagandi kwenye kioo chenyewe. Yanakaa juu ya tabaka la dawa, na unayaondoa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa hiyo kazi ya kukausha gari baada ya kuosha iko palepale.

Vifaa ni hivi: siki nyeupe nusu lita, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua vitano, klei ya kusafishia magari (donge laini kama udongo linalong'oa uchafu ulioganda), alkoholi ya aisopropili, na dawa ya kioo ya seramiki, ndiyo dawa yetu ya kinga. Chupa ya mililita 30 inatosha vioo vyote vya gari dogo, na nyingine inabaki. Ongeza maji ya betri lita 1. Hapa soma chupa vizuri: tunataka maji yale safi ya kuongezea betri, yasiyo na madini, siyo asidi ya kujazia betri mpya. Duka la vipuri linauza vyote viwili, kwa macho havitofautiani, na asidi inaunguza ngozi na macho. Ukiyakosa, kinga maji ya mvua baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo. Hayo hayana chokaa.

Anza kazi mapema, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kivulini. Gusa kioo kwa mgongo wa mkono. Ukihisi joto, subiri. Osha gari kwa shampuu, kisha shusha vioo vya milango kama sentimita 3 usafishe ukingo wa juu unaojificha ndani ya raba. Ukiuruka, vumbi la hapo litakokotwa hadi katikati ya kioo wakati wa kupaka, na utabaki na michirizi usiyojua imetoka wapi.

Sasa madoa. Futa kwanza kwa maji matupu, kwa sababu chumvi ya kawaida inayeyuka kwenye maji. Kinachobaki ni chokaa, na chokaa inataka tindikali. Lowesha kitambaa kwa siki, kibandike juu ya kioo, kiache dakika 5 hadi 10. Kisikauke, kikianza kukauka, ongeza siki. Sogea hapa uone: kwenye kingo za kitambaa kuna viputo vidogo sana. Hiyo ni chokaa ikiliwa na siki. Sugua taratibu, suuza kwa maji mengi, rudia mara moja. Chini ya kioo weka taulo lenye maji, siki isitulie kwenye rangi ya gari wala kwenye ule ukanda unaong'aa wa chuma.

Usitumie msasa, wala stiliwaya ya kusugulia masufuria, wala wembe. Doa utalitoa, na mikwaruzo itabaki maisha yote ya kioo. Dawa kali zenye asidi ya hidrofloriki ziache kabisa, hata kama fundi anakusifia kasi yake. Asidi hiyo inapenya ngozi na kudhuru hadi mifupa, na kioo chenyewe inakila.

Baada ya siki, pitisha klei. Nyunyizia maji yenye matone machache ya shampuu, telezesha klei bila kukandamiza, ukiikunja kila inapochafuka. Ikidondoka chini, itupe, maana imeshaokota mchanga. Kipimo chake ni hiki: ingiza mkono ndani ya mfuko wa nailoni, hata ule uliofungia mkate, upapase kioo. Nailoni inakuza mparuzo ambao vidole vitupu havihisi. Endelea mpaka kiwe laini kote.

Kama madoa bado yapo baada ya siki na klei, basi ama ni silika, madini ya jamii ya mchanga ambayo siki haiyagusi, ama maji yameshaanza kukila kioo. Hapo unahitaji unga wa oksidi ya seriamu, unga laini wa kung'arishia vioo. Ukoroge kwa maji hadi uwe uji mwepesi, ukasugue kwa pedi ya felti, eneo la sentimita 30 kwa 30 kwa wakati mmoja. Kwa mkono inawezekana, ila utatoka jasho. Kwa mashine, iweke kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, nyunyizia maji kila mara, usiikalishe sehemu moja. Joto likijikusanya sehemu moja linaweza kupasua kioo cha mbele. Shimo unalolihisi kwa ukucha usilifukuzie; utakigeuza kioo kuwa bonde linalopindisha taswira ya barabara.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoua kazi. Changanya alkoholi na maji ya betri nusu kwa nusu, nyunyizia kwenye kitambaa kipya, futa kioo chote, kisha rudia kwa kitambaa kingine. Dawa inashikana na kioo chenyewe. Ikikuta mafuta, nta au masalia ya shampuu, itashikana na hayo, na itabanduka nayo. Kioo kilichowahi kufutwa kwa mafuta ya taa kifute mara tatu. Chukua nafasi hii ufute pia raba za waipa kwa alkoholi hiyohiyo mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi.

Tunapaka. Vaa glavu. Funga kitambaa chembamba kwenye kisponji kidogo, dondosha matone 6 hadi 8 ya dawa. Kioo cha mbele chote hakizidi mililita 5. Gawa kioo katika vipande vya sentimita 40 kwa 40. Paka kwa mistari ya kulala, kisha ya kusimama juu yake, ukipandisha kidogo kila mstari juu ya mwingine. Usipake upande wa ndani: huko hakuna mvua, na kwenye tinti unaweza kuiharibu.

Muda wa kusubiri fuata chupa, ila angalia kioo kuliko saa. Tazama hapa: utando unabadilika rangi, unaanza kujikunja vitone vidogo. Ndiyo wakati wa kufuta. Kwa joto la pwani ni dakika 1 au 2. Futa kwa maikrofaiba moja, malizia kwa nyingine kavu, kisha inama utazame kwa ubavu. Ukichelewa, dawa inagandia kwenye michirizi. Dawa ya michirizi ni dawa hiyohiyo: paka tone juu yake, italainika, futa mara moja. Yakipita masaa, unarudi kwenye kusugua kwa ule unga wa seriamu. Kwenye kioo cha mbele usiache mchirizi hata mmoja. Usiku taa za gari linalokuja zitausambaza machoni mwako. Kama gari lina kamera nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, eneo la mbele yake lichunguze mara mbili.

Tabaka la pili paka baada ya saa 1, kisha gari lisione maji kwa saa 24. Ndiyo maana tulianza asubuhi. Ukipaka jioni na kulilaza nje, umande utaanguka kabla dawa haijakomaa, na hapo madoa yatanasa ndani ya tabaka lenyewe. Lilaze chini ya paa.

Waipa zikianza kurukaruka na kupiga kelele, sababu kubwa ni dawa iliyobaki nyingi au raba chafu au ngumu. Futa kioo kwa alkoholi, futa raba, jaribu tena. Raba iliyopasuka badilisha tu.

Kioo cha mbele kitachoka kabla ya vile vya pembeni, kwa kuwa waipa zinakisugua. Dalili ni maji kutandaa badala ya kusimama matone. Usikimbilie kupaka upya. Fanya siki kwanza, dakika 5, kwa sababu mara nyingi dawa ipo ila imefunikwa na chokaa. Matone yakirudi, basi. Sabuni ya unga usiitumie kuoshea.

Mwisho, fungua boneti utazame tangi la maji ya waipa. Likiwa na maji ya kisima, unajipulizia madoa mwenyewe kila ukifuta vumbi, na utayaona yamejipanga kwenye upinde ambapo waipa inaishia. Limalize kwa kupuliza sekunde 5 hadi 10 kwa awamu, ukipumzisha pampu katikati isiungue, na uache mara tu maji yanapokata. Kisha jaza maji ya betri au ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi.