Korosho, Mitumba na Ng'ambo ya Ruvuma

Wazee wangu, shikamooni. Walionisikia Newala na Masasi wanajua naanza na korosho. Hii hapa mkononi, na ganda lake. Kupata kilo 1 iliyobanguliwa unahitaji kilo 4 hadi 5 za namna hii. Mama aliyewahi kubangua anajua utomvu wa ganda unavyobabua vidole. Kazi ngumu, lakini ndiyo yenye ujira, na sisi Watanzania tunaipakia melini pamoja na ganda! Inakwenda India, inakwenda Vietnam, inabanguliwa, inapangwa madaraja, ndipo inafika kwa mlaji wa Marekani. AGOA, yaani msamaha wa ushuru wa Marekani kwa bidhaa za nchi za Afrika, ilianza mwaka 2000 na sisi tukaingizwa. Vietnam haijawahi kuwemo hata siku moja, nayo ndiyo inayowauzia Wamarekani korosho nyingi kuliko nchi yoyote. Basi mtu asiniambie tena kwamba kilichotukwamisha ni ushuru wa Marekani.

Kuna atakayesema, sisi wadogo, tutabishana na mkubwa kwa lipi? Haya. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kunyang'anywa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Uganda na sisi tukafuata. Rwanda ikabaki peke yake, na mwaka 2018 nguo zake zikafutiwa msamaha wa ushuru. Tulibanduliwa mmoja mmoja kama magamba ya samaki. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Na kwenye korosho jirani yetu hasa ni Msumbiji, ambaye hayumo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunakutana naye SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Yeye ana kodi yake kwa korosho ghafi inayouzwa nje ya nchi. Sisi tumeweka asilimia 15 au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Mnunuzi ni yuleyule, anapiga hesabu kingo zote mbili za mto Ruvuma unaotutenganisha. Daraja la Umoja lipo Mtambaswala tangu 2010. Nataka watoza kodi wa pande mbili wakae meza moja kabla ya msimu, wafunge kiwango kimoja.

Ufuta wa Lindi unaokwenda China, na Eneo Huru la Biashara la Afrika, nilitaka kuvisema, muda umeniishia. Ndugu zangu wa Kilambo mnaovuka mto kila wiki, anzeni nyinyi kuuliza habari ya kiwango hicho kimoja.