Nusu Mkate na Fomu ya Mlangoni

RUKIA: Hamjambo wasikilizaji. Mimi ni Rukia, niko Mombasa, na mwenzangu Khamis yuko Unguja. Leo nataka turudi tarehe 30 Desemba 2007, siku yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya. Jioni ile nyumbani kwetu tulikuwa tumejazana mbele ya televisheni, siku ya tatu tunatazama KICC, jumba la mikutano la Nairobi, mawakala wa vyama wakizozana na makamishna wa uchaguzi. Mara matangazo yakakatika. Tulipomwona tena mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alikuwa kwenye chumba kidogo, na kamera ya KBC, televisheni ya taifa, peke yake, anasoma: Rais Mwai Kibaki 4,584,721, mpinzani wake Raila Odinga 4,352,993. Haukupita muda, rais akaapishwa Ikulu, jua linazama.

KHAMIS: Na siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe akasema hajui kama aliyemtangaza ndiye aliyeshinda.

RUKIA: Hilo neno sijalisahau. Watu walikuwa tayari wanauawa.

KHAMIS: Sasa dada Rukia, nieleze jambo moja. Kibaki alikuwa na Ikulu, na jeshi, na polisi. Kwa nini alikubali kukaa mezani na Raila?

RUKIA: Kwanza damu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliokufa 1,133, na waliofukuzwa makwao ni mamia ya maelfu. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo watu huipita haraka. Bungeni, ODM ya Raila ilitoka na viti 99, PNU ya Kibaki 43. Kikao cha kwanza, Januari 15, upinzani ukamchukua spika: Kenneth Marende kura 105, Francis Kaparo 101. Rais ana kiti, lakini bajeti na sheria atazipitisha na nani? Basi hapo kila upande una kitu ambacho mwenzake hana.

KHAMIS: Ndipo Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, akaja kupatanisha.

RUKIA: Akaja pamoja na mzee Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, na Graça Machel wa Msumbiji. Wakakaa hotelini Serena wiki kadhaa. Upande wa serikali yuko Martha Karua, Mutula Kilonzo, Sam Ongeri na Moses Wetang'ula. Upande wa ODM yuko Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo. Yatazame majina hayo, utaona bado tunaishi nayo. Wakakwama kwenye cheo cha waziri mkuu: awe na meno au awe pambo? Annan akaona wajumbe hawamalizi, akawasimamisha, akaenda kwa wakubwa wawili wenyewe. Rais Kikwete wa Tanzania akaja, alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na anatoka nchi yenye rais na waziri mkuu wanaofanya kazi pamoja. Tarehe 28 Februari 2008 wakatia saini mapatano ya kugawana serikali mbele ya Harambee House, ofisi ya rais.

KHAMIS: Serikali ya nusu mkate.

RUKIA: Nusu mkate, naam. Aprili ikatoka orodha: mawaziri 40, manaibu 52. Mimi nilikasirika, kusema kweli. Watu wako kwenye mahema Nakuru na Eldoret, na huku wanagawana wizara. Lakini siku hizi siubezi ule mkate, maana mapanga yalirudi ndani. Ninachosema ni kwamba mkate haukuwa dawa yenyewe. Dawa ilikuwa kwenye Ajenda ya Nne ya mazungumzo yale: katiba, ardhi, tume ya uchaguzi. Na hiyo ndiyo ambayo wanasiasa hawaikimbilii, kwa sababu haina gari la serikali.

KHAMIS: Ngoja hapo, maana unanigusa. Sisi huku Zanzibar tulianza na Muafaka, mapatano ya CCM na chama cha upinzani CUF, mwaka 1999, ukavunjika. Januari 2001 watu wakauawa, Pemba hasa. Muafaka wa pili Oktoba mwaka uleule. Halafu tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu, wao wawili, na tofauti na nyinyi, sisi tuliulizwa. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa amani, Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim 49.1. Ilikuwa raha, dada. Mtu wa CCM na mtu wa CUF wanazikana tena, wanaoana tena.

RUKIA: Kisha 2015.

KHAMIS: Kisha 2015. Oktoba 28, mwenyekiti wa tume yetu ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akaenda kwenye televisheni akaufuta uchaguzi wote, makamishna wenzake hawakukaa kikao cha kuamua hilo. Marudio Machi 2016, CUF wakasusa. Yaani tuligawana viti, tukaandika na kwenye katiba, lakini mkono unaoandika matokeo tukauacha palepale. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

RUKIA: Umesema lililo moyoni mwangu. Sasa nikupeleke kwa Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini, aliyepewa kazi ya kuchunguza uchaguzi wetu wa 2007. Ripoti yake ya Septemba 2008 ilisema hesabu zimechafuka kiasi kwamba hakuna awezaye kujua nani alishinda. Daftari la wapiga kura lilikuwa na wafu kama milioni 1.2. Kura zilijazwa kwenye ngome za pande zote mbili. Karatasi inatoka kituoni na nambari moja, inafika Nairobi na nyingine. Tume nzima ya uchaguzi ikavunjwa Desemba.

KHAMIS: Na katiba mpya ikaja 2010.

RUKIA: Agosti 4, asilimia 67 wakaikubali. Watu wanakumbuka masharti ya kushinda urais: ile asilimia 50 na kura moja, na robo ya kura kwenye zaidi ya nusu ya kaunti. Mimi napenda Ibara ya 86: kura zihesabiwe palepale kituoni na matokeo yatangazwe palepale. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa kwenye kesi ya Maina Kiai ikakazia kwamba makao makuu ya tume Nairobi hayana ruhusa ya kubadilisha nambari ya chini. Septemba mosi mwaka uleule Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Na 2022 tume ikaweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila mtu azione.

KHAMIS: Ulizifungua?

RUKIA: Usiku kucha! Nilitafuta shule niliyopigia kura, nikaikuza picha kwa vidole. Mwandiko wa mwalimu fulani, kura kwa tarakimu na kwa maneno, zilizoharibika kando, saini za mawakala chini, mmoja wino wake umevuja. Nikalinganisha na picha niliyopiga karatasi iliyobandikwa mlangoni. Zikalingana. Nililia, Khamis.

KHAMIS: Na bado kamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo.

RUKIA: Waliyakataa, na mahakama ikayathibitisha kwa kauli moja. Halafu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na kamishna hata mmoja kazini. Miaka miwili na nusu! Wakubwa wa serikali na upinzani walikaa kwenye mazungumzo katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, wakavutana kuhusu jopo la kuwateua, kesi zikaenda mahakamani, na huku maeneo bunge yaliyobaki wazi hayana wabunge wala uchaguzi mdogo. Banissa walikaa bila mwakilishi tangu 2023.

KHAMIS: Kuna msikilizaji ameuliza, wakala akinyimwa nakala ya fomu afanye nini?

RUKIA: Asiondoke. Aombe iandikwe kwenye fomu kwamba hakupewa, na sababu, kisha apige picha ile ya mlangoni kabla haijabanduliwa. Mpwa wangu anataka uwakala 2027, nimeshamwambia hivyohivyo. Nimemnunulia na chaja ya kubebea mkononi.