Kuunga bomba za PPR zisivuje

Karibu fundi, na karibu wewe mwenye nyumba unayetaka kumsimamia fundi wako. Hili nililoshika ni bomba la maji la PPR, aina ya plastiki, la milimita 20. Dukani ukiomba nusu inchi ndilo utakalopewa. Na hii ni elbo yake, kiungo cha kona. Gundi weka pembeni, ile ni ya PVC, plastiki nyingine, hapa haishiki kabisa. PPR inaungwa kwa moto.

Mashine ya kuchomea bomba nimeshaichomeka kwenye umeme, nimeiweka nyuzi joto 260 za Selsiasi. Umeme ukiwa mdogo jioni inachelewa kupata moto; isubiri. Ina vichwa viwili: jike, ambamo bomba linaingia, na dume, ambalo elbo inavalishwa. Vifute kwa kitambaa cha pamba kikavu, maana plastiki iliyoungulia jana ndiyo inayochafua kiungo cha leo.

Kata kwa mkasi wa bomba, isiende mshazari. Kisha pima milimita 14 kutoka nchani, weka alama ya penseli. Najua wengi mnairuka hii. Ukisukuma kupita hapo, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kubana tundu. Halafu mwenye nyumba analalamika bomba lake la mvua linatoa maji ya kumwagilia mchicha! Chora pia mstari kwenye bomba na mwingine kwenye elbo, ujue elbo itatazama wapi.

Sasa angalia mikono yangu. Bomba upande huu, elbo upande ule, vinaingia pamoja, vimenyooka, sizungushi. Vimefika mwisho, ndipo naanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Natoa, naunga papo hapo, maana nina sekunde 4 tu. Nasukuma hadi kwenye alama, natulia.

Ikiwa imepinda kidogo, inyooshe sasa hivi, lakini usiizungushe. Ukizungusha, nje patapendeza huku ndani umeshayafungulia maji njia. Umeona pete hii ya plastiki iliyovimba kwenye mdomo wa elbo? Iwe sawa pande zote. Iache dakika 2 kamili, usiitikise. Bomba la milimita 25, ile robo tatu, ni sekunde 7 kwenye moto. La milimita 32 ni sekunde 8, na kupoa dakika 4.

Kazi ngumu ni ya ukarabati, pale koki kuu haifungi vizuri na maji yanachuruzika. Bafuni kwa mteja mmoja tone liliniingilia katikati ya kuchomea, plastiki ikatoa povu, nikajiambia itashika. Baada ya wiki mbili nilikuwa navunja vigae vyake, kwa gharama yangu. Siku hizi natumbukiza kipande cha boflo ndani ya bomba. Kinanyonya maji wakati nachomea, baadaye kinalainika na kutoka. Ila fungua kwanza koki ya mwisho uitoe kabisa, la sivyo mkate utakwama humo.

Kwenye kiungo chenye uzi wa shaba, pale koki inapokazwa kwa kuzungusha, zungushia tepu nyeupe ya kuziba maji kufuata mwelekeo wa uzi, ukaze kwa kiasi. Ukikaza kwa hasira, plastiki iliyoshika ile shaba inapasuka.

Bado hatujapiga plasta, kwa hiyo tupime kwanza kama viungo vinavuja. Subiri saa moja tangu kiungo cha mwisho, ziba ncha zote kwa plagi. Usipime kwa tangi peke yake: tangi lililo juu mita 6 linasukuma kwa presha ya baa 0.6 tu, kiungo dhaifu kitakudanganya. Azima pampu ya mkono yenye geji ya kuonyesha presha, upandishe hadi mara moja na nusu ya presha ambayo mabomba yatabeba kila siku. Mwanzoni sindano itashuka kidogo kwa kuwa plastiki inatanuka; pandisha tena, uiache.

Ikiendelea kushuka, pita na tochi na tishu kavu, gusa kila kiungo kwa chini. Kitakacholowesha tishu usikipake kitu. Kikate, weka kipya, uanze kuhesabu tena.