Duka Kubwa Lijengwe Wapi?

Waheshimiwa madiwani, ndugu wataalamu wa mipango miji,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na baadhi yenu naona mmeanza kutabasamu kwa kuwa mnajua nitaanzia Dudley. Ndiyo, nitaanzia Dudley, na sitaacha kuanzia huko mpaka nione mpango kabambe wa mji wetu hata mmoja unaotamka waziwazi duka kubwa lijengwe wapi na lisijengwe wapi.

Dudley ni mji wa soko wa zamani, magharibi mwa Birmingham nchini Uingereza, wenye ngome kilimani na mtaa wa maduka chini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya eneo lile vilikuwa vikifa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1982 kiwanda cha chuma cha Round Oak nacho kikafungwa. Serikali ilikuwa imeanzisha maeneo maalumu ya uwekezaji, ambamo mwekezaji alisamehewa kodi ya majengo ya biashara kwa miaka 10 na, hili ndilo naomba mlishike, hakulazimika kuomba kibali cha mipango kwa sehemu kubwa ya ujenzi wake. Shabaha ilikuwa kufufua viwanda. Yaliyokuja ni maduka. Ndugu wawili, Don na Roy Richardson, walianza kujenga Merry Hill katika mojawapo ya maeneo hayo, kilomita chache tu kutoka Dudley. Maduka ya kwanza yakafunguliwa mwaka 1985, na kufikia mwaka 1989 palikuwa pamesimama jumba kubwa la biashara lenye maegesho ya bure ya maelfu ya magari. Mwaka 1990 kampuni ya maduka ya Marks & Spencer ikafunga duka lake la Dudley na kufungua Merry Hill, na haikuwa peke yake kuhama.

Sisemi kwamba akina Richardson walivunja sheria. Hawakuhitaji kuvunja hata kifungu kimoja, na hapo ndipo penye tatizo. Hakuna kikao kilichoketi kikaazimia kwamba katikati ya Dudley pafe. Ruhusa iliyotolewa kwa jambo moja ilitumiwa kwa jambo jingine, tena ndani ya mipaka ya halmashauri ileile iliyobeba jina la mji ulioumia. Mwaka 1991 pakafunguliwa hata treni ya reli moja ya juu, ambayo ilizunguka palepale Merry Hill bila kufika Dudley. Mwaka 1996 ikafungwa, na treni zake zikauzwa Australia. Mwenye kutaka kucheka na acheke.

Najua yupo atakayesema kwamba ushindani ni ushindani, na kwamba mnunuzi ana haki ya bei nafuu. Ninakubali, ila ninauliza: mnunuzi yupi? Mwenye gari alifuata bei nafuu bila taabu, ilhali bibi aliyezoea kushuka basi karibu na soko alibaki na mtaa wenye milango iliyofungwa. Hapa kwetu Tanzania, ambako walio wengi hufika sokoni kwa daladala, kwa bodaboda au kwa miguu, hoja hiyo inazidi uzito. Yupo pia atakayesema kwamba hizi ni habari za Wazungu. Ndugu yangu, sheria ya mipango miji tuliyoitumia tangu mwaka 1956, hadi tulipotunga Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, tuliachiwa na Waingereza haohao. Tumerithi vifungu vyao. Mbona hatutaki kurithi majuto yao? Mwaka 1996 walitoa mwongozo ulioeleza bayana kwamba mwekezaji aonyeshe kwanza kuwa hakuna nafasi katikati ya mji, kisha kuwa hakuna nafasi kandokando yake, ndipo afikiriwe nje.

Kwetu mlango ulio wazi si msamaha wa kodi, bali ni maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, ambayo mamlaka ya upangaji huyaamua kiwanja kimoja kimoja. Karakana hugeuzwa ghala, ghala likageuzwa duka la jumla, na duka la jumla likageuzwa supamaketi, na kila hatua ikitazamwa peke yake huonekana ndogo mno kumshtua mtu.

Ufaransa nitaipitia haraka: sheria ya Royer ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha mita za mraba 1,000 katika miji midogo na 1,500 katika mikubwa, na uamuzi juu ya duka linalozidi hapo ukaachiwa kamati, lakini maduka makubwa yaliendelea kuota pembezoni mwa miji. Wajerumani walikuwa makini zaidi, kwa kuwa duka kubwa kwao hukubaliwa tu katika eneo la kitovu cha mji au eneo lililotengwa mahsusi kwa ajili yake, na mwaka 2005 mahakama yao ya juu ya utawala iliamua kwamba duka huhesabiwa kubwa eneo lake la kuuzia likizidi mita za mraba 800.

Nilikusudia kuzungumzia maegesho, malori ya mizigo na wamachinga, lakini naonyeshwa saa. Kwa hiyo ninawaomba mnaoandika sheria ndogo mpime eneo la kuuzia badala ya jengo zima, mzigo wa kuthibitisha muuweke kwa mwombaji, na katika kila msamaha mtakaoutoa kwa ajili ya viwanda muandike kwamba hauhusu biashara ya rejareja.