Klabu ya vitabu ya sinagogi mtandaoni: anza na kalenda

Hamjambo nyote, karibuni. Leo nawaonyesha namna ya kuendesha klabu ya vitabu ya sinagogi kwa njia ya mtandao. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku Chicago, na klabu ya sinagogi letu naiendesha huu mwaka wa nne. Wale mlioniuliza kutoka Nairobi na Toronto, haya ndiyo majibu yenu.

Hatua ya kwanza. Kitabu kiweke kando, fungua kalenda. Tazameni hapa kwenye skrini: hii ni tovuti ya Hebcal, haina malipo. Unaandika jina la mji wako, inakupa sikukuu zote pamoja na saa ya Sabato kuingia na kutoka. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, hutoka Jumamosi usiku nyota zikishaonekana, na walioshika dini hawagusi simu wala kompyuta muda wote huo. Kuna watakaokwambia, basi tukutane Jumamosi usiku. Desemba hapa Chicago inawezekana, maana jua linazama kama saa kumi na dakika ishirini. Juni linazama saa mbili na nusu usiku. Ukingoja nyota, wazee wameshalala! Sisi tukaamua Jumanne, saa moja na nusu usiku.

Halafu jihadharini na neno "usiku". Marehemu bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa, alikusudia Alhamisi baada ya magharibi, ndivyo watu wa pwani walivyohesabu. Na Wayahudi vilevile, siku yao inaanza jua likizama. Kwa hiyo kwenye tangazo usiandike "usiku wa Jumanne" ukaishia hapo. Weka tarehe, saa, na saa za mji gani.

Septemba na Oktoba usizindue kitu. Sikukuu kubwa za Kiyahudi, Rosh Hashana (mwaka mpya), Yom Kippur (siku ya toba) na Sukkot (sikukuu ya vibanda), zinafuatana ndani ya mwezi mmoja, hakuna atakayekusikiliza. Wiki mbili kabla ya Pasaka ya Kiyahudi pia, mkate wenye chachu hautakiwi nyumbani, basi nyumba zimepinduliwa watu wanasaka makombo ya mkate hadi chini ya makochi. Wakati mzuri ni kabla ya Hanukkah, sikukuu ya taa. Mwaka 1925 mkutubi mmoja wa Boston, Fanny Goldstein, alipanga maonyesho ya vitabu vya Kiyahudi kwenye tawi la maktaba alilofanyia kazi, ikawa Wiki ya Kitabu cha Kiyahudi. Siku hizi ni mwezi mzima, na unaangukia hapohapo kabla ya Hanukkah. Watu tayari wanatafuta cha kusoma.

Hatua ya pili, kitabu. Kisizidi kurasa 300, kipatikane maktaba, na kiwe na toleo la kusikiliza kwa ajili ya wenye macho mabovu. Mwaka wangu wa kwanza nilikosea: nilipanga vitabu vitatu mfululizo vya Maangamizi, yale mauaji ya Wayahudi enzi za Hitler. Cha tatu tulikuwa watu watano. Hakuna aliyelalamika, walipotea tu kimyakimya, na kwenye kundi letu wamo waliozaliwa na manusura, hayo wanaishi nayo nyumbani. Sasa kwa mwaka naweka kimoja, vingine ni riwaya, mapishi, hata vichekesho.

Kimoja kilichotunyanyua ni riwaya ya Stefanie Zweig ya mwaka 1995, kuhusu familia ya Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler wakafikia shambani Kenya. Mwenyewe alipelekwa huko mtoto mdogo, mwaka 1938. Maneno ya Kiswahili yametapakaa humo, basi jioni ile bibi mmoja wa miaka themanini na kitu akaniuliza "toto" ndiyo nini. Nikageuka mwalimu!

Hatua ya tatu, mlango. Kiungo cha mkutano wa Zoom usikibandike mahali pa wazi. Kitume kwa wanachama tu. Weka nywila, washa chumba cha kusubiri. Mwaka 2020 wahuni waliingilia mikutano ya masinagogi mengi kuja kutukana. Sasa oneni, hapa kuna mtu anasubiri, jina lake "iPad". Usimfungulie, na usimfukuze. Piga simu. Mara nyingi ni mzee wenu katumia kifaa cha mjukuu.

Hatua ya nne ndiyo hasa niliyotaka mje muione. Usianze na mjadala wa watu wote. Ukiuliza watu ishirini "mmekionaje kitabu?", atasema rabi, atasema yule msemaji wenu wa kila siku, basi. Wayahudi wana desturi ya kusoma wawili wawili, huitwa havruta: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anambana maswali, wanabishana juu ya mstari mmoja hadi jasho liwatoke. Fanya hivyohivyo. Chagua aya moja, ibandike kwenye sehemu ya ujumbe. Bonyeza "vyumba vidogo", andika watu wawili kwa kila chumba, weka dakika kumi na mbili. Rabi naye mtie chumbani kama wengine. Swali liwe moja na liwe na ncha: "Kwa nini mama huyu hajibu barua?" Wakirudi, kila mtu aeleze alichosema mwenzake, si alichosema yeye. Hapo hata asiyefungua mdomo mwaka mzima, maneno yake yanasikika.

Ya mwisho, saa. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kundi baada ya dakika 40, kwa hiyo ombeni sinagogi lilipie. Na wewe mwenyeji usiwahi kubonyeza "maliza kwa wote". Ukishaaga, zima kamera yako, nenda kaoshe vyombo, acha chumba wazi. Jumanne iliyopita nimerudi na taulo mkononi nikawakuta wanne bado wamo, wanapeana kipimo cha mdalasini.