Mnara Ufunguliwe Lini? Mhadhara kwa mafundi, Tanga

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za saa hizi.

Leo tunazungumzia mnara wa kutenganisha vimiminika kwa moto, na ufunguliwe lini kukaguliwa ndani. Kabla sijaanza, kipande hiki cha chuma kipite mkono kwa mkono pamoja na kalipa hii. Kila mmoja apime unene, aandike milimita alizopata, na asimwonyeshe jirani. Tutakirudia.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni: "Mwalimu, Chongoleani hakuna mnara wa kutenganisha hata mmoja, sasa sisi wa Tanga linatuhusu nini?" Ni kweli. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapo Chongoleani ni la mafuta ghafi, na melini yatapakiwa yakiwa ghafi vilevile. Lakini fundi hafungwi kamba na mji wake. Leo uko hapa, kesho umeitwa kiwanda cha spiriti, keshokutwa mitambo ya gesi kusini. Hata hapo ng'ambo, Pemba, pale Wawi wanakokamua mafuta ya makonyo ya karafuu kwa mvuke, ni kazi ya ukoo huohuo.

Mnara wenyewe si kitu cha ajabu. Humu ndani wapo wanaojua gongo inavyopikwa, na sitauliza ni nani. Kuna chungu, mvuke, mrija uliopita kwenye maji baridi, na matone. Sasa chukua vyungu thelathini uvipange kimoja juu ya kingine ndani ya bomba moja nene lililosimama. Kila chungu ni trei yenye matundu. Mvuke unapanda, kimiminika kinashuka, vinakutana kwenye kila trei. Chepesi kinakwea, kizito kinateremka. Chini kuna moto, juu kuna ubaridi.

Shikeni hilo la moto na ubaridi, maana mnara hauliki sawasawa. Kwenye mnara wa mafuta ghafi, kileleni ndipo tone la kwanza la maji linapozaliwa, na tone hilo hubeba asidi ya chumvi. Linatafuna chuma kama mchwa. Trei chache chini yake, ukutani ni pakavu na chuma kiko kama kilivyotoka kiwandani. Mnara mmoja, umri mmoja, lakini mahali tofauti.

Sasa swali lenyewe: ufunguliwe kila baada ya muda gani? Ukiwauliza wengi watakujibu, miaka kumi. Wamelitoa kwenye kanuni ya Wamarekani ya kukagua vyombo vya shinikizo, API 510, na wamesoma nusu ya sentensi. Kanuni inasema ukaguzi wa ndani usivuke nusu ya maisha yaliyobaki ya chombo, au miaka 10, lolote lililo fupi. Kumi ni dari. Watu wameigeuza sakafu.

Hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Ukuta ulikuwa milimita 12 ulipofungwa. Baada ya miaka 8 unapima, umebaki 10.4. Umeliwa 1.6, yaani 0.2 kwa mwaka. Ili uhimili shinikizo unahitaji 8. Akiba yako ni 2.4, gawa kwa 0.2, unapata miaka 12. Nusu yake ni 6. Kwa hiyo unarudi ndani ya miaka 6, si 10. Ukirudi ukakuta umeliwa haraka kuliko ulivyodhani, unapiga hesabu upya. Hakuna namba ya kudumu hapa.

Mafundi wa majahazi hawakuhitaji Mmarekani kuwaambia haya. Bamvua huja mara mbili kila mwezi mwandamo, lakini chombo hakipandishwi mchangani kila bamvua. Fundi anagonga ubao, anasikiliza, anachokoa penye shaka, kisha anaamua kama ni kupaka deheni tu au ni kubadilisha ubao.

Mtu akasema: basi kwa usalama tufungue kila mwaka. Hapana, na hapa ndipo ninapogombana na mameneja waoga kama ninavyogombana na wabahili. Kufungua mnara ni hatari peke yake. Penye salfa, ndani hujengeka ukoko mweusi wa salfa na chuma, ambao ukikutana na hewa huwaka wenyewe, bila kiberiti. Trei na vijazio vya ndani vimewahi kuungua hivyo, mnara ukiwa umezimwa na watu wakidhani kazi imekwisha. Ndiyo maana ukoko ule unalowekwa maji kabla na wakati wa kufungua mnara. Kisha kuna naitrojeni iliyobaki, gesi ya kusukumia nje mivuke: haina harufu, haina rangi, pumzi mbili tatu na mtu amelala. Oksijeni ikisoma chini ya asilimia 19.5, hakuna kuingiza hata kichwa. Sitaki kusikia "nachungulia tu". Kwenye manholi, tundu la kuingilia mtu, hakuna kuchungulia.

Niwasimulie kisa cha kipande mnachokipitisha. Nilifika kiwanda kimoja cha mwambao, jina nalihifadhi. Nikapewa faili. Ripoti tatu za miaka tofauti, na pointi ileile ya ukutani inasoma 11.8, 11.8, 11.8. Nikajiambia, kutu ya hapa imefunga saumu? Nikamshuku mkaguzi, nikasema huyu alikuwa wa waja leo waondoka leo: asubuhi kaingia, mchana kanakili ya mwenzake, jioni yuko kwenye basi.

Nilimdhulumu. Nikapanda na kipimo cha mawimbi ya sauti, nikapaka jeli, nikapima kwenye kidirisha kilichokatwa kwenye bati la nje linalofunika mnara. 11.8. Mkaguzi alisema kweli mara tatu.

Tatizo ni kwamba kidirisha kilikuwa pembeni mwa jukwaa, mahali pa kusimama vizuri. Nikaanza kujiuliza kitu kingine: mvua ya masika ikipiga mnara huu, maji yanaingilia wapi? Kiasi cha hatua mbili kutoka pale, mkono wa ngazi ulikuwa umetoboa bati, na lakiri yake imepasuka zamani. Tukafungua bati. Maji yakamwagika kwenye viatu vyangu. Sufi ya kuhifadhi joto imelowa kama dodoki, na chini yake kutu imekaa tabaka juu ya tabaka, ukiibandua inatoka kama chapati ya kusukuma. Tulipoparua mpaka chuma, kipimo kikasoma 6.3, mahali palipohitaji 8. Mnara ule ulizimwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mkiniuliza mara ngapi, mimi nauliza wapi kwanza. Chuma cha kawaida chenye joto la wastani, chini ya sufi, kwenye hewa ya chumvi kama hii yetu, ukaguzi wa nje haungoji wa ndani.

Kuna na ubaya ambao hesabu yangu haiuoni kabisa. Tarehe 23 Julai 1984, kule Romeoville, Marekani, mnara wa kusafishia gesi ulipasuka na watu 17 wakafa. Kipande cha juu kiliruka kama kilomita moja. Mnara ulikuwa wa 1970, na mwaka 1974 sehemu ya ukuta wake ilibadilishwa kwa kuchomelea palepale uliposimama. Ukuta haukuwa umekwisha unene. Kando ya mshono ule mpya chuma kiligeuka kigumu, hidrojeni ikakiingia, kikapasuka nyufa ndogondogo kutoka ndani. Kipimo cha unene kingesoma vizuri tu. Nyufa zinatafutwa kwa njia nyingine, kwa unga wa sumaku ama mawimbi ya sauti yanayorushwa kimshazari, na mnara wowote uliochomelewa upya unastahili kuanza kuhesabiwa upya.

Haya, kipande kimefika nyuma? Someni namba zenu.

11.7. 11.8. 9. Wewe mama? 6.4. Mbona mnacheka? Hakuna aliyekosea. Mzee wa 11.8, rudisha kalipa, sasa pima ile kona uliyoishikia kwa kidole gumba.